Sistiki faibrosisi: ugonjwa uliojificha ndani ya majina mengine

Historia ya kongosho na ini katika ugonjwa wa kurithi ambao kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa wa Wazungu peke yao

Katika baadhi ya sehemu za Ulaya palikuwapo imani ya kale kuhusu watoto wachanga. Mtoto ambaye akibusiwa kwenye paji la uso humwachia anayembusu ladha ya chumvi mdomoni, ilisemekana amelogwa na siku zake za kuishi ni chache.

Imani hiyo haikuwa upuuzi mtupu. Wazazi walikuwa wameona jambo la kweli karne nyingi kabla ya matabibu kulipatia maelezo. Chumvi ile ilikuwa dalili ya ugonjwa ambao leo hujulikana kwa jina la sistiki faibrosisi.

Ni ugonjwa wa kurithi. Ili mtoto aupate, sharti arithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ingawa wazazi wenyewe huwa wazima. Nchini Marekani wapo wagonjwa wapatao 40,000, na Uingereza takriban 11,000.

Wengi huutambua kama ugonjwa wa mapafu, na ni kweli kwamba mapafu ndiyo yaliyowaua wagonjwa wengi. Lakini ulipopewa jina lake mwaka 1938, haukuitwa ugonjwa wa mapafu. Uliitwa ugonjwa wa kongosho, kwa maana ya kongosho lililojaa vifuko vya majimaji na makovu.

Watoto waliowekwa katika kapu moja

Aliyeupa jina hilo ni Dorothy Andersen, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1901 katika mji wa Asheville, jimbo la North Carolina. Alifiwa na wazazi wake wote wawili akiwa bado kijana, akajisomea hadi kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1926.

Alitaka kuwa daktari mpasuaji, lakini milango ilifungwa kwa sababu alikuwa mwanamke. Akaingia katika fani ya patholojia, yaani uchunguzi wa viungo na maiti ili kujua chanzo cha maradhi. Katikati ya miaka ya 1930 alikuwa akifanya kazi hiyo katika hospitali ya watoto ya Babies Hospital, jijini New York.

Wakati huo watoto wenye tumbo kubwa, mikono na miguu iliyokonda, na choo kingi chenye mafuta na harufu kali walitiwa wote katika kapu moja. Waliambiwa wana siliaki. Tiba iliyosifika mno Marekani ilikuwa ndizi, chakula kilichopendekezwa na daktari Sidney Haas mwaka 1924.

Wapo waliopona kwa ndizi. Baadaye daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, alionyesha kwamba adui wa watoto wenye siliaki ya kweli ni ngano, na ndizi ziliwasaidia kwa kuwa zilichukua nafasi ya mkate. Lakini wapo wengine ambao hata ndizi hazikuwafaa kitu. Waliendelea kudhoofika, wakakohoa, wakafa.

Andersen alipoichunguza maiti ya mtoto mmoja aliyeandikishwa kuwa na siliaki, alikuta kongosho limeharibika kabisa. Hakuishia hapo. Alirudi kwenye kumbukumbu za hospitali, akazipitia tena taarifa za vifo vya zamani na maandishi ya madaktari wengine, akatafuta watoto waliofanana na huyo. Mwaka 1938 alichapisha taarifa kuhusu watoto 49.

Hakuwa wa kwanza kuona dalili hizo. Karl Landsteiner, mtaalamu wa Vienna aliyegundua makundi ya damu, alikwisha kueleza mwaka 1905 juu ya watoto waliozaliwa na matumbo yaliyozibwa na choo kigumu, huku kongosho lao likiwa na kasoro. Naye Guido Fanconi wa Uswisi aliandika juu ya watoto wa aina hiyo mwaka 1936. Alilofanya Andersen ni kukusanya ushahidi mpana, na kuthibitisha kwamba watoto hawa wana ugonjwa wao wenyewe ambao si siliaki.

Si kila alilodhani lilikuwa sahihi. Aliamini kwamba mapafu huharibika kwa sababu mwili hukosa vitamini A, kutokana na chakula kutosagika tumboni. Hilo halikuthibitika. Hata hivyo, njia aliyoifuata ndiyo iliyodumu: kufungua upya majalada ya watoto ambao jibu lao lilidhaniwa limekwisha kupatikana.

Kongosho hujiharibu vipi?

Kongosho ni tezi iliyolala nyuma ya tumbo la chakula. Lina kazi mbili. Hutoa maji yenye vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga, na hutoa insulini, homoni inayodhibiti sukari katika damu.

Katika ugonjwa huu, chembe za mwili hushindwa kupitisha chumvi na maji kama inavyostahili. Maji ya kongosho huwa mazito kama gundi na kuziba mirija. Vimeng'enya vilivyoumbwa kusaga chakula hubaki ndani na kulila kongosho lenyewe. Mahali pa tezi hushikwa na makovu na mafuta.

Kwa wagonjwa wengi, takriban asilimia 85, kazi ya kusaga chakula hupotea mapema. Uharibifu huo huanza mtoto akiwa bado tumboni mwa mama. Mtoto hula kwa pupa lakini haongezeki uzito. Mafuta hupita moja kwa moja hadi chooni, pamoja na vitamini A, D, E na K ambazo husafiri ndani ya mafuta.

Wale wachache ambao kongosho lao hubaki likifanya kazi nao hawajasalimika. Wao ndio hupatwa zaidi na uvimbe wa ghafla wa kongosho, wenye maumivu makali.

Wakati wa joto kali jijini New York mwaka 1948, madaktari waligundua kwamba wengi wa watoto waliozimia kwa joto walikuwa na ugonjwa huu. Paul di Sant'Agnese, daktari mzaliwa wa Roma aliyefanya kazi pamoja na Andersen, alijiuliza kwa nini. Mwaka 1953 yeye na wenzake walionyesha kwamba jasho la watoto hao lina chumvi nyingi kupita kiasi.

Ule usemi wa kale ukapata maelezo. Mwaka 1959 Lewis Gibson na Robert Cooke wa Johns Hopkins walichapisha njia salama ya kukusanya jasho kwa dawa ya pilokapini na umeme mdogo kwenye ngozi. Mpaka leo kipimo cha jasho ndicho nguzo ya kuutambua ugonjwa huu.

Boston na Toronto

Kwa kuwa mafuta hayakusagika, madaktari wengi waliona ni busara kuwanyima watoto mafuta. Siagi, maziwa na vyakula vya kukaanga vilipigwa marufuku. Choo kilipungua harufu, tumbo likatulia, lakini watoto walibaki na njaa na miili iliyodumaa.

Jijini Toronto, nchini Kanada, daktari Douglas Crozier alikwenda kinyume mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliwaagiza wagonjwa wake wale mafuta kama watu wengine, hata zaidi, mradi wameze vimeng'enya vya kutosha.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1988, watafiti walipolinganisha wagonjwa wa Toronto na wa Boston. Mapafu ya makundi hayo mawili yalikuwa katika hali inayokaribiana, lakini wagonjwa wa Toronto walikuwa warefu zaidi. Boston, umri ambao nusu ya wagonjwa waliweza kutarajia kuufikia ulikuwa miaka 21. Toronto ulikuwa miaka 30.

Watafiti waliihusisha tofauti hiyo ya miaka tisa na chakula. Tangu hapo marufuku ya mafuta iliachwa. Leo wagonjwa wengi hushauriwa kula nishati zaidi ya wenzao wa rika moja.

Vimeng'enya vyenyewe hutolewa katika kongosho la nguruwe. Zamani vilikuwa unga, na sehemu kubwa iliharibiwa na asidi ya tumbo kabla ya kufanya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikuja kapsuli zenye chembe ndogondogo zilizofunikwa kwa ganda linalostahimili asidi, linaloyeyuka chakula kinapofika utumbo mwembamba.

Asili ya dawa hiyo ni suala zito kwa familia za Kiislamu, iwe Muscat, Mombasa au London. Jitihada za kutengeneza vimeng'enya visivyotokana na nguruwe zimefanywa, lakini dawa inayotegemewa bado ni hiyo ya nguruwe. Wanazuoni wengi huiruhusu kwa kanuni ya dharura, kwa kuwa uhai wa mtoto umo hatarini na mbadala unaofaa haupatikani. Daktari anayeeleza jambo hili waziwazi tangu mwanzo huiepusha familia na hatari ya kuiacha dawa kimyakimya.

Dawa hii nayo ina mpaka wake. Mwaka 1994 madaktari wa Liverpool waliripoti watoto watano ambao utumbo wao mpana ulisinyaa hadi kuhitaji upasuaji, baada ya kutumia vimeng'enya vyenye nguvu kubwa mno. Wakuu wa usalama wa dawa nchini Uingereza walishauri kipimo kisizidi yuniti 10,000 za kimeng'enya cha mafuta kwa kila kilo ya uzito wa mtoto kwa siku.

Ini na nyongo iliyoganda

Andersen aliona makovu ya ini katika baadhi ya watoto wake, lakini wakati ule wengi walikufa kabla ini halijapata nafasi ya kuleta madhara. Kadiri maisha yalivyorefuka, ndivyo ini lilivyojitokeza. Siku hizi maradhi ya ini ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wagonjwa hawa, baada ya mapafu na matatizo ya upandikizaji wa viungo.

Kisa chake kinafanana na cha kongosho. Nyongo inayopita katika mirija midogo ya ini huwa nzito na kuganda. Mirija huziba, ini huota makovu kidogo kidogo, hapa na pale. Kwa wagonjwa wengi hali huishia hapo. Lakini kati ya asilimia 5 na 10 hupata sirosisi, ini zima likajaa vinundu na makovu, mara nyingi kabla ya kumaliza umri wa ujana.

Damu inayotoka matumboni hushindwa kupenya ini lililokakamaa. Bandama huvimba. Mishipa ya koo la chakula hutanuka, na ikipasuka mgonjwa hutapika damu. Madaktari huifunga mishipa hiyo kwa vipete vya mpira kupitia kamera inayoingizwa kooni, au hufungua njia nyingine ya damu kuukwepa ukuta wa makovu.

Dawa iliyotumika zaidi kuilainisha nyongo ni asidi ya ursodeoksikoliki. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya dubu, kwa kuwa iligunduliwa kwanza katika nyongo ya mnyama huyo, ambayo Wachina waliitumia kama dawa kwa karne nyingi. Ya hospitali hutengenezwa viwandani.

Ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa sistiki faibrosisi karibu na mwaka 1990. Vipimo vya damu huonyesha nafuu, lakini haijathibitika kwamba huzuia sirosisi au kurefusha maisha.

Ini linaposhindwa kabisa, njia iliyobaki ni kupandikiza jingine. Thomas Starzl alifanya upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu jijini Denver mwaka 1963, na kuanzia miaka ya 1980 wagonjwa wa sistiki faibrosisi walianza kunufaika nao.

Kisukari cha aina ya pekee

Kurefuka kwa maisha kulileta pia kisukari. Makovu ya kongosho huenea hadi kwenye chembe zinazotengeneza insulini. Takriban mmoja kati ya vijana watano wenye ugonjwa huu hupata kisukari, na kwa watu wazima idadi hukaribia nusu.

Tiba yake ni insulini, ambayo ilitumika kwa mara ya kwanza kumtibu binadamu mwaka 1922, Toronto hiyohiyo. Mgonjwa huyu haambiwi apunguze chakula kama anavyoambiwa mgonjwa mwingine wa kisukari. Huambiwa ale vizuri, na insulini ifuate chakula. Kwa kuwa kisukari hiki huanza polepole bila dalili, wataalamu hupendekeza kipimo cha kila mwaka kuanzia umri wa miaka 10.

Jeni na dawa mpya

Mwaka 1989, watafiti walioongozwa na Lap-Chee Tsui na Jack Riordan wa Toronto, pamoja na Francis Collins wa Michigan, walitangaza kwamba wameipata jeni yenyewe. Ipo katika kromosomu ya 7. Huitwa CFTR, na kazi yake ni kutengeneza mlango mdogo wa kupitishia chumvi katika kuta za chembe.

Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha ivakafta, dawa ya kwanza ya kuufungua mlango huo. Mwaka 2019 ilifuata dawa ya muungano wa viambata vitatu, ambayo huwafaa wengi wenye hitilafu iliyoenea zaidi Ulaya, iitwayo F508del. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri kupandikizwa mapafu walirudi kazini na masomoni.

Kwa kongosho habari ni mchanganyiko. Baadhi ya watoto wadogo waliopewa ivakafta mapema wameonyesha dalili za kongosho kurudisha sehemu ya kazi yake. Kwa watu wazima, kilichokwisha kuwa kovu hakirudi.

Kwa ini pana tahadhari. Dawa hiyo ya viambata vitatu haipendekezwi kwa wenye maradhi makali ya ini, na mwishoni mwa mwaka 2024 Marekani iliiwekea onyo la ngazi ya juu kabisa, kwa sababu inaweza kulijeruhi ini. Damu ya mgonjwa sharti ipimwe mara kwa mara.

Bei nayo ni kikwazo. Ilipotoka, gharama yake Marekani ilikuwa takriban dola 311,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2023 mgonjwa mmoja wa Afrika Kusini alikwenda mahakamani akidai dawa hiyo iruhusiwe kutengenezwa kwa bei nafuu.

Waafrika na Waarabu wamo?

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilifundisha kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu mmoja katika kila 25 hubeba jeni hiyo. Lakini hilo halikumaanisha kwamba wengine hawana.

Mwaka 1998 watafiti walieleza hitilafu inayoandikwa 3120+1G→A, waliyoikuta kwa Waafrika, Waarabu na Wagiriki, na wakaona kwamba yaelekea imetoka katika chanzo kimoja cha kale. Miongoni mwa wagonjwa wa Marekani wenye asili ya Afrika, ni ya pili kwa wingi. Mwaka 1999 uchunguzi wa Afrika Kusini ulikadiria kwamba takriban mtu mweusi mmoja kati ya 34 nchini humo hubeba jeni ya ugonjwa huu, ingawa makisio hayo yalikuwa na upana mkubwa.

Katika Ghuba, hitilafu nyingine iitwayo S549R imeonekana kwa wingi miongoni mwa wagonjwa wa Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Hao wana bahati kiasi, kwa sababu ivakafta huifaa hitilafu hiyo. Lakini 3120+1G→A huzuia mlango usijengwe hata kidogo. Dawa za kuurekebisha mlango hazina cha kurekebisha.

Hata kipimo cha watoto wachanga kina pengo. Kipimo hicho, kilichobuniwa New Zealand mwaka 1979, hutumia tone la damu ya kisigino na kutafuta kemikali inayovuja kutoka katika kongosho lililoziba. Uingereza hukifanya kwa watoto wote tangu mwaka 2007. Hatua yake ya pili hutafuta hitilafu za jeni kutoka katika orodha, na orodha nyingi zilitungwa kwa kuwaangalia Wazungu. Mtoto wa familia iliyotoka Afrika Mashariki anaweza kupita bila kugunduliwa.

Afrika Mashariki kwenyewe tatizo ni la kabla ya hapo. Mtoto aliyekonda mwenye tumbo kubwa huandikwa utapiamlo. Anayekohoa mfululizo huandikwa kifua kikuu. Mwenye bandama kubwa anayetapika damu, hasa kandokando ya Ziwa Victoria, hudhaniwa ana kichocho. Mara nyingi jibu hilo huwa sahihi. Lakini likiwa si sahihi, mtoto huyo yuko pale walipokuwa watoto wa New York kabla ya mwaka 1938, ndani ya kapu la ugonjwa usio wake.

Dalili zinazopaswa kumshtua tabibu zinajulikana: mtoto anayekula vizuri asinenepe, choo chenye mafuta, kikohozi kisichokoma licha ya dawa, na ngozi yenye chumvi. Katika nchi za joto, kuishiwa chumvi ghafla kunaweza kuwa ishara ya mwanzo.

Na hata pale ambapo dawa mpya hazifiki au hazifai, mgonjwa hajaachwa mikono mitupu. Vimeng'enya, vitamini, chumvi, chakula chenye mafuta, insulini na dawa za kuua bakteria wa mapafu havichagui aina ya hitilafu. Hivyo ndivyo vilivyowafikisha wagonjwa wa Toronto katika umri wa miaka 30, kabla hata jeni haijagunduliwa. Lakini hakuna kati ya hivyo kinachoweza kuandikiwa mtoto ambaye jalada lake bado lina jina la ugonjwa mwingine.